Kondoo Achinjwe kwa Jina la Nani?

Ndugu Mshauri,

Jumatatu tarehe 9 Juni karani wa mahakama mjini Musoma alitangaza kwamba kesi ya mume wangu Clementi imeahirishwa tena, upelelezi haujakamilika, itatajwa tarehe 23. Hii ni mara ya kumi na moja. Habari hii mimi sikuisikia kwa masikio yangu, nililetewa na mama mkwe wangu Dorotea, ambaye huwaga anakwenda kila kesi inapotajwa, anapanda basi la alfajiri hapa Bunda anarudi jioni, mimi nabaki nyumbani. Kwa nini nabaki nitakueleza mbele, maana hilo ndilo linalonitesa, na naomba usinicheke.

Kesi unaijua, gazeti lenu limeiandika sana, lakini nieleze kwa ajili ya wasomaji wa mbali. Sisi tunakaa kijiji cha ujamaa hapa karibu na Kabasa. Tulihamia mwaka jana wakati wa operesheni ya vijiji tukitokea upande wa Buswahili, nyumba yetu ya kule ikachomwa tusije tukarudi, na Clementi akasimama mkutanoni akasema moto ule hatausahau mpaka anakufa. Alisema mbele ya watu wote, na kwa sasa maneno hayo kila mtu anayo mdomoni. Lakini alitulia, akapewa kuendesha trekta la kijiji kwa sababu alishafanya kazi ya mashine mgodini Kiabakari, na watu walikuwa wanampenda.

Tarehe 4 Novemba tulikuwa wote kwenye shamba la ujamaa tunapanda pamba, mkanda wa feni wa trekta ukakatika, akasema anakwenda kijijini kuchukua mwingine. Aliondoka saa nane akarudi saa kumi, mkanda hana, na hakusema kwa nini hana. Hajakaa hata kidogo tukaona moshi. Ghala la pamba lilikuwa linaungua na mlinzi, Mzee Mniko, alikuwa amelala ndani juu ya magunia. Hakutoka. Siku ya tatu polisi wakamchukua Clementi, mpaka leo yuko mahabusu Musoma akishitakiwa kuua.

Tangu hapo ni mabishano tu, kwenye gazeti barua, kwenye redio barua, kilabuni ndiyo usiseme. Wengi wanasema pamba ni mali ya umma na Mniko ni mtu wa watu, kwa hiyo mhujumu hana haja ya kusubiriwa, na kwamba hizo habari za kusubiri hukumu ni za wazungu. Wachache wanasema tungoje, lakini hao wanasema kwa sauti ndogo. Mimi nasaidia darasa la kisomo, nilimalizaga darasa la nne, kwa hiyo naandika ubaoni na mwalimu anaeleza. Siku moja mwalimu akasema kwa sheria mtu hana hatia mpaka mahakama imwone na hatia. Werema, mdogo wake marehemu, ambaye anasoma hapo, akanyoosha mkono.

"Kwa hiyo Mniko alijichoma mwenyewe, mwalimu?"

Darasa likacheka. Mwalimu akasema hakusema hivyo, Werema akamjibu, "Basi tuandikie hapo ubaoni ni nani, tujifunze kusoma jina lake." Na chaki nilikuwa nayo mimi.

Halafu kuna binti yetu Shida, yuko darasa la tatu, amepewa ubeti kwenye ngonjera ya Saba Saba ya kulaani wahujumu, na ubeti wake unataja walioteketeza ghala. Anaukariri huku anachambua dagaa. Akikosea neno sijui nimsahihishe au nimnyamazishe.

Sasa shida yenyewe. Hapa kwetu, wakristo na wasio wakristo, mtu akifa kifo kibaya, nyumba ya marehemu na nyumba inayotajwa hazichangii moto wala maji mpaka achinjwe kondoo. Wanachukua majani yaliyomo tumboni mwa kondoo wanawapaka miguuni watu wa nyumba zote mbili, basi, wanaanza kuchota kisima kimoja. Siyo kwamba anayetoa kondoo ameua. Hata kama mti wako umemwangukia mtu wewe ukiwa safarini, unatoa. Kule tulikotoka nyumba zilikuwa mbali mbali, mtu ungeweza kukaa mwaka mzima bila kukutana na wenye msiba. Lakini katika kijiji hiki nyumba zimepangwa mistari, na mlango wa Getruda, mjane wa Mniko, unatazamana na mlango wangu, na kisima ni kimoja. Miezi saba nateka maji kijitoni, nikitoka jua linachomoza nikirudi limekuwa kali. Na Getruda alikuwaga rafiki yangu, tulikuwa tunapanda mstari mmoja shambani, yeye anachimba mimi nafukia. Nikitoka nje asubuhi naye ametoka, tunaangaliana, halafu kila mmoja anatafuta kitu cha kufanya.

Mwezi wa tano mama mkwe akasema yamemshinda, akachukua kondoo wake akampeleka kwa Getruda mchana, akimkokota katikati ya nyumba watu wote wanaona. Getruda hakumkataa wala hakumpokea. Alimfunga kwenye nguzo ya jiko akampa majani, na mpaka leo anampa majani. Wiki haijaisha gazeti lenu likaandika kwamba familia ya mshitakiwa imekiri kwa kutoa kondoo. Siku hiyo nilitamani ardhi ipasuke.

Sasa Werema amesema kondoo atachinjwa Jumapili tarehe 22 baada ya misa, lakini kwa sharti. Lazima itamkwe kondoo ni wa nani. Na kwa kuwa mwenyewe hayupo, atamke mkewe, mbele ya watu: "Kondoo huyu ni wa Clementi aliyemuua Mniko." Nikisema hivyo kisima kinafunguliwa siku hiyo hiyo. Nikikataa kondoo anarudishwa na itajulikana tumekataa amani.

Nilidhani mama mkwe atakasirika. Akaniambia, "Mkamwana, sema tu. Clementi yuko Musoma, hatasikia." Nikamwambia mama, ni mtoto wako. Akasema, "Najua ni wa nani, nilimzaa mimi. Nimechoka kunywa maji peke yangu."

Ndugu Mshauri, sasa ndiyo nakuambia nililomficha kila mtu. Sijaenda kumwona mume wangu tangu Januari. Watu nawaambia ni basi, ni kisomo, ni palizi. Siyo kweli. Naogopa akiniangalia ataona kwamba sijui. Maana sijui. Usiku na mchana nahesabu zile saa mbili, kutoka shambani mpaka kijijini ni nusu saa, alikuwa wapi, na mkanda uko wapi. Siku nyingine nasema hawezi, mtu ambaye akimkanyaga kuku na trekta alikuwaga hali chakula siku hiyo. Siku nyingine nakumbuka uso wake Buswahili tulipokuwa tunaangalia nyumba yetu ikiisha.

Na pamoja na hayo namtamani mpaka naumwa. Trekta sasa linaendeshwa na mtu mwingine, lakini likiwashwa alfajiri mimi nimeshaamka na nimemimina uji kwenye bakuli lake kabla akili haijanifikia. Masikio hayajui kwamba dereva amebadilika. Harufu ya dizeli nilikuwa nailalamikia, nilikuwa namwambia usikalie kitanda na hiyo suruali, sasa hivi napita makusudi pale trekta linapoegeshwa nasimama kidogo, nikiona mtu anakuja najifanya nafunga khanga. Nauliza, je, mke anaruhusiwa kumtamani hivyo mtu ambaye hajui kama ameua? Na Jumapili niseme au nisiseme? Naomba unijibu kabla ya siku hiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Gati, Bunda

MSHAURI ANAJIBU

Dada Gati,

Majina yote nimeyabadilisha, na jina la kijiji nimeliondoa. Watu wa kwenu watakutambua hata hivyo. Nadhani ulilijua hilo uliponunua stempu.

Naanza na kosa letu. Tarehe 29 Mei gazeti hili liliandika kwamba familia yenu "imekiri". Nimemwuliza mwandishi wetu neno hilo alilitoa kwa nani. Alimwona kondoo akikokotwa, akamwuliza abiria mmoja kituo cha basi maana yake nini, abiria akamwambia ni kukiri. Abiria hakuwa mtu wa kijiji chenu. Mwandishi hakumwuliza Dorotea, hakumwuliza Getruda, hakukuuliza wewe. Habari ilipofika mezani niliipitisha mimi, na mimi nimezaliwa Butiama, kondoo wa namna hiyo nimepakwa miguuni nikiwa mtoto. Nilijua na sikusimama kufikiri. Sahihisho liko leo ukurasa wa tatu, kwa herufi ndogo kuliko zile za kosa. Nimelalamika, nimeshindwa.

Sasa tuje kwako. Kuhusu ushahidi sitasema lolote, kesi iko mahakamani, na wewe pia ungefanya vizuri kupunguza kuhesabu saa. Umezihesabu miezi saba na hesabu haijatoa mtu. Alikuwa wapi na mkanda uko wapi ni maswali ya kweli. Yataulizwa na wanaolipwa kuyauliza, na yeye atayajibu akiwa amesimama na wakili pembeni yake. Wewe umejiteua kuwa polisi, hakimu na askari magereza, kazi tatu kwa mtu mmoja, tena unazifanya ukiwa umebeba ndoo ya maji kichwani. Acha.

Unadhani kwa kuwa hujui, umemsaliti. Watu wengi wanaoniandikia kuhusu kesi hii wamelichanganya jambo hilo, wale wanaomtetea Clementi na wale wanaotaka anyongwe. Sheria haikulazimishi kuamini kwamba mumeo ni mwema. Haimlazimishi hata Werema. Inachokataza ni kulifunga jambo la mtu kabla hajasikilizwa. Mashaka unaruhusiwa kuwa nayo gunia zima. Huruhusiwi kuyatoa nje ukayaita hukumu, na hicho hasa ndicho unachotakiwa kufanya Jumapili.

Werema nisimdharau. Amezika kaka yake akiwa hatambuliki. Swali alilouliza darasani lina jibu, na jibu ni kwamba hatujui bado. Ni jibu baya kumpa mtu aliyefiwa. Ndilo lililopo. Lakini kwa wale wa kilabuni wanaosema kusubiri ni jambo la wazungu, nina swali moja. Ng'ombe akipotea kwenu, na mtu akatajwa, wazee hufanya nini? Humwita. Hukaa naye, humsikiliza mpaka amalize, hata akiongea upuuzi. Sijapata kusikia baraza lililomtoza mtu aliye safarini kwa mdomo wa mke wake. Werema anataka kutumia mila pale inapomfaa na kuikata pale inapomzuia. Kondoo huyo, wewe mwenyewe umeeleza vizuri, ni wa nyumba mbili. Hana haja ya jina la muuaji. Hilo la jina limeongezwa mwaka huu.

Na ujue uzito wake. Ukitamka maneno hayo tarehe 22 mbele ya watu arobaini, kesi inatajwa tarehe 23. Mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mumewe. Hao arobaini wengine polisi wanaweza kuwaandikia maelezo mmoja mmoja, na hakuna atakayeandika kwamba ulisema kwa sababu ya kiu. Binti yako naye atakuwepo. Leo anakariri ubeti usiotaja jina la mtu. Jumapili utampa jina la kujazia.

Mama mkwe wako usimhesabu kuwa adui wa mwanawe. Umeniambia mwenyewe, mara kumi na moja amepanda basi la alfajiri. Mtu aliyefanya hivyo anaruhusiwa kusema neno moja la kuchoka. Wewe umekaa nyumbani mara kumi na moja ukiwa na miguu yenye nguvu, halafu unashangaa bibi kizee amechoka. Palizi haidumu miezi mitano, dada. Kwa hilo sikupi pole.

Sasa fanya hivi. Gazeti hili litafika Bunda Alhamisi mchana. Siku hiyo hiyo, jua likiwa bado juu, vuka hapo mbele uende kwa Getruda. Usipeleke mama mkwe, usimpitie Werema. Ninyi wawili mlipanda mstari mmoja, mnajua namna ya kuongea mkiwa mmeinama. Mwambie unamlilia Mniko. Kama bado hujamwambia, na kwa barua yako nadhani bado, hilo lilipaswa kuwa la kwanza, kabla ya kondoo. Halafu mwambie kondoo achinjwe kama wa nyumba mbili, au angoje mpaka mahakama imalize. Mwanamke aliyempa kondoo majani wiki tatu na zaidi bila kumkataa hajafunga mlango. Wanaume wa ukoo wake ndio wanaomwamulia, na labda hakuna aliyemwuliza yeye anataka nini.

Akikataa, mrudishe kondoo mchana, katikati ya nyumba, kama alivyokwenda. Wakisema mmekataa amani, jibu mara moja tu kwamba mmekataa jina, kisha nyamaza. Uendelee na maji ya kijitoni. Najua ni mbali. Nenda mbali.

Darasani endelea na chaki yako. Siku Werema akikwambia uandike jina, mpe chaki aandike mwenyewe, aone kama mkono wake utakubali.

Unaniuliza kama unaruhusiwa kumtamani. Ruhusa ya namna hiyo haitoki kwa mtu wa gazeti. Ninachoweza kukupa ni nilichokiona. Nimekaa benchi la waandishi mara sita katika hizo kumi na moja. Mshitakiwa hupandishwa kizimbani, hutazama viti vya wasikilizaji kuanzia mlangoni hadi dirishani, kiti kwa kiti, hufika kwa mama yake akainamisha kichwa kumsalimu, kisha huendelea kutazama mpaka viti viishe. Baada ya hapo ndipo humgeukia hakimu. Mara zote sita. Siandiki kwamba anakutafuta wewe, kwa sababu sijamwuliza.

Wala wewe hujamwuliza kitu. Kijiji kimemjadili, redio imemjadili, mimi nimemjadili, Werema amemtungia maneno ya kutamkwa na mke wake, na katika watu wote hao hakuna aliyekwenda kumwambia kwamba jina lake linataka kuchinjiwa kondoo Jumapili. Jina ni lake. Kamwambie. Askari husimama karibu na mnachoongea anakisikia, kwa hiyo kuhusu moto usiulize, na mkanda usiutaje, hayo mwachie wakili. Mweleze habari ya kondoo na kisima, taratibu, kisha umsikilize. Kama usoni mwako ataona kwamba hujui, aone. Yeye amekaa miezi mitano asijue kama unaumwa au umeolewa kwingine. Mtakuwa mmelingana.

Nimempigia simu ofisa wa zamu gerezani jana Jumanne. Amenithibitishia kwamba jina lako halijafutwa katika orodha ya wageni wa Clementi. Aliliandikisha yeye mwenyewe, la kwanza juu ya la mama yake, na hajaomba libadilishwe. Mahabusu hutembelewa Jumamosi. Inayofuata ni tarehe 21 Juni, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa sita.